Rekodi ya AMR ikigoma kufunguka, ifungue kwa xxd

Kabla ya kuhangaika na programu za kubadilisha fomati, andika `xxd -l 64 rekodi.amr`; xxd ni amri ya kuonyesha baiti za faili kwa heksadesimali. Faili la AMR (fomati ya kurekodi sauti kwenye simu) ya kawaida, ile ya hezi 8000, huanza na baiti sita: 23 21 41 4d 52 0a, yaani `#!AMR` na alama ya mstari mpya. Ukikuta 66 74 79 70 (`ftyp`) kuanzia baiti ya tano, hilo ni 3GP (faili la simu la kubebea sauti na video) lililobandikwa jina la .amr, na tiba yake ni nyingine.

Baada ya baiti hizo sita hakuna faharasa wala urefu uliotajwa popote. Ni fremu tu, yaani vipande vifupi vya sauti, moja baada ya nyingine, kila moja milisekunde 20. Baiti ya kwanza ya fremu hutaja aina yake: 3c ni kilobiti 12.2 kwa sekunde, baiti 32 kwa jumla. 04 ni kilobiti 4.75, baiti 13. 44 ni fremu ya ukimya, baiti 6. 7c haina sauti, ni baiti moja peke yake.

Sasa jaribu `xxd -s 6 -g 1 -c 32 rekodi.amr`. Kwa rekodi ya 12.2, safu ya kwanza ya baiti, baada ya namba za mahali, itakuwa 3c tupu toka juu hadi chini. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hiki. Ukiona 38 katikati, fremu hiyo imetiwa alama ya kuharibika, lakini urefu ni uleule na safu haihami. Safu ikihama baada ya 44, si kosa: ruka baiti sita uendelee kuhesabu.

Kichwa kikisomeka 52 0d 0a, faili lilihamishwa kama maandishi, na kila 0a ndani yake imeongezewa 0d. Hilo linatibika:

`perl -pe 's/\r\n/\n/' mbovu.amr > nzima.amr`

3GP iliyokatika chaji ikiisha huwa haina `moov`, yaani faharasa ya faili, ndiyo maana vicheza sauti huikataa. Sauti yenyewe imo kwenye `mdat`, sehemu ya data, kwa fremu zilezile. Tafuta mahali ilipo kwa `grep -abo mdat rekodi.3gp`. Ikijibu 28, ongeza 5, upate 33:

`(printf '#!AMR\n'; tail -c +33 rekodi.3gp) > mpya.amr`

Hii hufaa kwa rekodi ya sauti ya AMR pekee. Palipo na video, fremu zake huwa zimechanganyika na za sauti humo humo.