Kasri la Celle na wake wawili walioachwa

Kila ninapofika kwenye kasri la zamani huwa nauliza swali moja kabla ya lolote: nani alifungiwa humu? Kwa kasri la Celle, kaskazini mwa Ujerumani, jibu lilinichukua miezi kulielewa, maana mmoja alizaliwa humo akaenda kufungwa kwingine, na mwingine alifungwa kwingine akaja kufia humo. Na hao wawili ni damu moja.

Sophia Dorothea alizaliwa Celle mwaka 1666. Akiwa na miaka 16 aliozwa kwa binamu yake, Georg Ludwig wa Hanover, yule aliyekuja kuwa mfalme George I wa Uingereza. Mume alikuwa na hawara na hakujificha. Mke naye alipompenda mwanajeshi wa ukoo wa kikabaila, Königsmarck, mambo yakawa mengine: Julai 1694 mwanamume huyo alitoweka usiku, asionekane tena. Ndoa ikavunjwa mwaka huohuo. Sophia Dorothea akapelekwa kasri dogo la Ahlden, asiruhusiwe kuolewa tena wala kuwaona watoto wake. Alikaa huko zaidi ya miaka 30. Aliruhusiwa kutoka kwa gari la farasi, na walinzi pembeni, hadi mpaka aliowekewa, kisha anageuzwa. Hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea kusoma kila mara. Barabara ileile, miaka nenda rudi, na farasi wanageuzwa palepale.

Alikufa Novemba 1726. Hata maiti yake ilisumbuliwa: jeneza lilikaa Ahlden miezi kadhaa, hadi Mei 1727 lilipopelekwa Celle kwa siri, usiku, akalazwa karibu na wazazi wake chini ya kanisa la mji. Mwezi uliofuata George I naye akafa, akiwa safarini kwenda Hanover.

Sasa njoo kwa Caroline Mathilde, dada yake mfalme George III wa Uingereza. Mimi nilichora ukoo wao kwenye karatasi ndipo nikaona: ni kitukuu cha Sophia Dorothea. Mwaka 1766, akiwa na miaka 15, aliozwa kwa Christian VII wa Denmark, mfalme mgonjwa wa akili. Akampenda Struensee, daktari wa mfalme. Januari 1772, usiku wa dansi ya vinyago jijini Copenhagen, wote wawili walikamatwa. Struensee alikatwa kichwa mwezi wa Aprili. Malkia alifungiwa ngome ya Kronborg na kitoto chake, Louise Augusta, aliyekuwa bado ananyonya. Merikebu za Uingereza zilipokuja kumchukua mwishoni mwa Mei, mtoto alibaki. Hakuwa ametimiza mwaka.

Kaka yake malkia, George III, alimpa kasri la Celle akae. Ukitazama kuta zake nyeupe na bustani inayolizunguka huwezi kudhani ni mahali pa uhamisho. Mei 1775 homa ya skarleti ilimuua, ana miaka 23. Wakamlaza chini ya kanisa lilelile, pamoja na mama yake babu yake.

Louise Augusta alikulia Denmark, akaolewa, akazaa binti mwaka 1796. Binti huyo aliitwa Caroline Amalie. Mwaka 1839 akawa malkia wa Denmark.