Jibini ilipungua, kosa halikuwa kwenye reneti

Kwa wiki kadhaa lita 10 zilezile za maziwa ya mbuzi zilinipa jibini laini kilo 1.1 badala ya kilo 1.5. Nilibadilisha reneti (kimeng'enya cha kugandisha maziwa), nikabadilisha kipimajoto, hata kitambaa cha kuchujia nikakilaumu. Wapi!

Jibu lilikuwa kwenye daftari la uzazi. Mbuzi wangu wote walikuwa wamezaa karibu katika wiki ileile, kwa hiyo wote walikuwa kwenye miezi ya katikati ya ukamuaji. Dang'a ya siku za mwanzo huwa nzito, imejaa protini na mafuta. Kisha maziwa huongezeka hadi kilele, mara nyingi kati ya wiki ya 4 na ya 8, na kadiri wingi unavyopanda, mafuta na protini hushuka. Hubaki chini miezi kadhaa, halafu hupanda tena mbuzi anapokaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa. Protini, hasa kaseini (ile inayoganda), ndiyo inayojenga jibini. Ikipungua, unachuja maji tu.

Nikaacha kupima kwa lita pekee. Kila mbuzi akawa na rekodi yake ya tarehe ya kuzaa. Msimu uliofuata niliwapandisha kwa awamu mbili, nikachanganya maziwa ya waliozaa karibuni na ya wanaoelekea mwisho wa ukamuaji. Dang'a huwa siichanganyi, ni ya watoto wao. Ya mwisho kabisa nayo nayaonja kwanza, maana huweza kuwa na ladha ya chumvi.

Sasa napata kilo 1.4 hivi, bila kuruka-ruka.