Iambie simu igeuze nyama

Leo siku ya tano, na maneno matano hayajanitoka masikioni. Akika imepita salama, mtoto kapewa jina, barua ya uhamisho wa Chake Chake nimeshaitia sahihi, lakini nikikaa peke yangu tu, namsikia Ami, ndugu wa baba:

"Basi iambie simu igeuze nyama."

Mnamjua Ami, haongezi neno. Alisema koleo mkononi, ua mzima ukacheka, mpaka Bi Mkubwa aliyenichangia pesa za kipimajoto cha nyama kinachosomeka kwenye simu.

Ilivyoanza ni hivi. Nilikuwa nachoma nyama za akika kwenye pipa lenye mfuniko. Pipa limeshika joto, nyama zimo ndani, Ami kaja kwa mara ya pili kafunua. Nikamwambia, "Ami, tafadhali usifunue. Kila ukifunua joto linakimbia."

"Nani kakwambia?"

"Simu, Ami. Hebu tazama, mstari umeanguka."

Hakutazama. Alisema hayo niliyoyataja, akageuza paja la mbuzi, akafunika, akaondoka zake. Tangu siku hiyo nimeshatunga majibu kama kumi, na yote mazuri. Hakuna hata moja lililokuja wakati wake.

Na kazi nilikuwa nimeiandaa. Kipimajoto hiki kina sindano nne zenye nyaya, zinaingia kwenye kisanduku kidogo, nacho kinapeleka vipimo kwenye simu. Siku mbili kabla nilizijaribu zote. Barafu unaiponda, unajaza kikombe, unamimina maji mpaka usawa wa barafu yenyewe, unakoroga, kisha ncha inakaa katikati bila kugusa chini wala ubavuni. Zinatakiwa zisome 0. Tatu zilisoma 0, ya nne ikasoma 4. Maji ya moto nayo ni kipimo kizuri kwetu, maana tuko usawa wa bahari na yakichemka ni 100, hakuna hesabu ya milima. Ile ya nne tatizo lake nililijua: mtu kaiosha kwa kuizamisha. Maji yanaingia pale shingoni waya unapokutana na chuma. Ndani mna kitu ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua joto linapopanda, kwa hiyo unyevu ukiingia na kupitisha umeme, kinadhani ni joto na kinasoma juu ya kweli. Nikaianika juani kutwa nzima, ikarudi 0. Hizi zinafutwa kwa kitambaa, haziogeshwi.

Pipa ni lile lile la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu. Zamani nilikuwa napitisha nyaya chini ya mfuniko, zikabanwa mpaka ule msuko wa chuma unaozifunika ukakatika. Sasa nimetoboa tundu ubavuni, juu kidogo ya wavu, mbali na makaa. Sindano moja ni ya jiko lenyewe. Ile nimeichomeka kwenye nusu kiazi mbatata ncha ikatokeza upande wa pili, nikaiweka juu ya wavu vidole vitatu mbali na nyama. Ukiisogeza karibu zaidi na nyama inasoma ubaridi unaotoka kwenye nyama, nawe unaongeza makaa bure. Ile saa ya mshale iliyochomelewa juu ya mfuniko msiiamini, inapima moshi uliopanda juu, nyama iko chini.

Mbili nilizitia kwenye mapaja ya mbuzi. Kwa kuwa ni akika, mifupa haivunjwi, yamekatwa kwenye viungo, basi mfupa umo mzima na ncha inaugusa kwa urahisi. Ikigusa, namba inaruka ghafla au inaganda, na wewe huijui nyama ilipo. Ingiza ubavuni penye unene, ukihisi kitu kigumu rudisha nusu inchi. Ya mwisho katikati ya kidari cha ng'ombe cha kilo nne, kwa ubapa, si kwenye tabaka la mafuta.

Makaa yalikolea, vifuu vitatu kwa moshi, matundu ya hewa nikayaacha wazi robo kwa sababu kusi ilikuwa inavuma moja kwa moja kwenye tundu la chini. Saa 4 asubuhi nyama ikaingia, jiko likakaa 120. Kengele niliitega ilie likipita 135 au likishuka chini ya 105. Mapaja niliyatoa 88, midomo ya kwetu haitaki mbuzi wa kuvutana. Kidari ndicho kilichowatia watu wasiwasi: kilifika 69 kikagoma saa mbili na nusu. Shemeji akataka tuongeze moto. Nikamwambia kumbuka mtungi, maji yanajitokeza nje, yanakauka, yanachukua joto, ndiyo maana unakunywa baridi. Kidari kinatoka jasho vivyo hivyo, kila joto linaloingia linaondoka na mvuke. Unakifunga kwa foili tabaka mbili kimebana, jasho halina pa kwenda, mstari unapanda tena. Kutoka 75 hadi 85 ulichukua dakika 50, nikawaambia wa jikoni kuwa bado dakika 50 nyingine hadi 95, wali utiwe sasa. Ikawa hivyo, dakika mbili tatu hazinishughulishi.

Simu nayo ilikatika mara mbili, kwa sababu nilikwenda ukumbini. Bluetooth haipiti ukuta wa mawe na chokaa wa nyumba ya babu, unene karibu nusu mita. Ukibaki kwenye mstari wa mlango wazi, inashika.

Sasa, jana usiku niliifungua kwenye simu ile grafu ya joto la siku nzima. Niseme ukweli, nilikuwa natafuta ushahidi. Nilitaka kumpelekea Ami picha yenye mashimo yote matatu, pale mstari wa joto ulipoanguka kwa kufunuliwa pipa, maana mbele ya wageni nilimhesabia yote matatu.

Shimo la kwanza saa 6:10. Jiko lilishuka kutoka 121 hadi 106, likarudi baada ya dakika sita. La pili saa 8:05, yale ya koleo: 120 hadi 104, dakika saba. La tatu ndilo kubwa, kutoka 121 mpaka 82, likachukua dakika 24, kisha likapitiliza hadi 138 kengele ikalia. Mfuniko ukikaa wazi makaa yanapata hewa, yanawaka, na ukifunika unakuta moto si ule uliouacha.

Saa ya shimo la tatu ni 9:52.

Nikaikodolea macho namba ile. Saa 9:52 Ami yuko msikitini, yuko safu ya mbele kama kawaida yake, na wanaume wote wamemfuata. Aliyebaki na pipa ni mie. Nikakumbuka: sindano ya paja la kushoto ilikuwa imeganda, nikafunua kuitoa kwenye mfupa, nikawa naitafutia mahali huku mkono mmoja umeshika mfuniko na mwingine simu, nikisubiri namba itulie.

Yeye anafunua kiasi cha mkono, anageuza, anafunika. Dakika sita, saba. Na kidari chenyewe, nimekitazama mstari wake katika mashimo yote matatu, haukushuka hata nyuzi moja. Kelele zote zile nilizipiga kwa ajili ya hewa tu.

Picha sijampelekea. Leo alipita asubuhi kuchukua chano chake, nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama kile kidari kilibaki. Kilibaki kidogo. Nikamkatia, akala amesimama, akasema, "Kimeiva." Nami nikanyamaza.

Mashine ya maji tangu juzi inakoroma lakini haipandishi. Tangi limebaki chini ya nusu, na fundi kasema kesho. Jana pia alisema kesho.