Barnaba Alikwenda Tarso

Masomo: Matendo 9:26-30, 11:19-26, Zaburi 71

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimekuwa nikimsikiliza mpiga gita aliyefariki mwaka 1966: John Hurt, maarufu kama Mississippi John Hurt. Alikuwa mtu wa shamba katika jimbo la Mississippi, Marekani, aliyejifunza gita mwenyewe na kutunga nyimbo zake. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kuchoka, vile vingine vinaucheza wimbo juu yake, na sauti yake ni ya upole, haimpigii mtu kelele. Mwaka 1928 kampuni ya Okeh ilimrekodi Memphis, kisha New York, na baadhi ya nyimbo zile zilikuwa za kumsifu Mungu. Sahani zile za santuri hazikuuzika sana. Uchumi ukaanguka, hakuitwa tena, naye akarudi kulima.

Wanaosimulia habari zake hupenda kukimbilia mwaka 1963, pale mzee wa miaka sabini hivi alipoketi na gita lake mbele ya vijana kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani, wakamshangilia. Mimi nakwama kabla ya hapo. Kijana mpenda muziki aitwaye Tom Hoskins alisikiliza wimbo wa mwaka 1928 ambamo Hurt anataja Avalon kuwa ndiko kwao. Akaitafuta Avalon, akafunga safari, akauliza watu, akamkuta. Inasimuliwa kwamba mzee alimshuku kwanza, akidhani ni mtu wa serikali aliyekuja kumletea matata.

Miaka 35 jibu la aliko lilikuwa ndani ya sahani. Mzee hakujificha, alitaja kijiji chake kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa tufungue Matendo. Sauli, ndiye Paulo, aliyekuwa amewatesa waumini, alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, wasiamini kwamba naye ni mwanafunzi. Barnaba ndiye aliyemshika mkono. Baadaye maisha ya Sauli yakawa hatarini, ndugu wakampeleka Tarso, mji wa Kilikia, na hapo Luka, mwandishi wa Matendo, anamwacha. Anasimulia habari za Petro, za Kornelio, za kanisa linalochipuka Antiokia, bila kumgusa Sauli. Kisha tunasoma kwamba Barnaba alitoka akaenda Tarso kumtafuta Sauli, na alipomwona akamleta Antiokia. Hakutuma salamu wala hakungoja Sauli ajitokeze. Kazi ilikuwa kubwa, akamkumbuka mtu, akaenda. Mwaka mzima wakakusanyika na kanisa na kufundisha watu wengi.

Angalieni pia kwamba Sauli hakuwa amelala kule. Wagalatia sura ya kwanza inatuambia alikwenda pande za Shamu na Kilikia, na makanisa ya Uyahudi yakawa yanasikia kwamba anaihubiri imani aliyoiharibu zamani. Hurt naye aliendelea kuwapigia majirani zake gita kwenye sherehe. Kunyamaza kwa mtu mara nyingi ni sisi tusiokuwepo pale anapoimba.

Katika makanisa yetu wamo watu kama hao. Mama aliyetunga nyimbo tunazoziimba mpaka leo bila kukumbuka zimetoka wapi. Mzee aliyepiga gita kwenye mikutano ya injili, akaacha pale vilipokuja vyombo vipya, au alipofiwa, au aliposemwa vibaya na mtu wa nyumba ya Mungu. Tukiulizwa tunajibu, "Siku hizi ana mambo yake." Jibu hilo ni rahisi mno, na nadhani tunalipenda kwa sababu halitudai nauli.

Zaburi 71 imeandikwa na mtu wa namna hii. "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache," analia. Anaomba asiachwe hata akiwa na mvi, ili awahubiri watu wa kizazi hiki nguvu za Mungu. Halafu katika mstari wa 22, akiwa na uzee wake uleule, anaahidi kumsifu Mungu kwa kinanda na kwa kinubi.

Ila tusimdanganye anayerudi. Aliyeweka gita chini kwa miaka hupoteza sugu za ncha za vidole, na nyuzi za chuma zitamuumiza mpaka sugu ziote upya. Viungo vya vidole huenda vimekakamaa. Sauti imeshuka, kwa hiyo wimbo ushushwe umfuate, na kwaya ya vijana ijifunze kuimba chini kidogo. Kumwita mtu kisha kumdai sauti ya ujana wake ni ukatili, hata tukiuita heshima.

Torati ilikuwa na utaratibu kwa Walawi: katika Hesabu 8, afikishaye miaka 50 aliacha utumishi mzito, lakini akaendelea kuhudumu pamoja na ndugu zake. Na katika 1 Nyakati 25 waimbaji 288 walipigiwa kura ya zamu sawasawa, mdogo kama mkubwa, mwalimu kama mwanafunzi. Mzee mmoja akiketi kando ya kijana anayejifunza kutunga, zamu hiyo inatosha. Si lazima apewe kipaza sauti.

Kwa hiyo, kwa wiki hii: viongozi wa sifa, ulizeni nani alitunga nyimbo mnazozipenda, na kama yu hai, mwendeeni nyumbani, wawili au watatu, bila kamera. Msiende na ratiba ya ibada mfukoni. Mwombeni awaimbie wimbo mmoja, kisha msikilizeni mpaka mwisho. Akitaka kurudi, mwulizeni anaweza siku gani na kwa muda gani, na usafiri wake uwe juu yenu. Akisema hapana, mshukuruni, ombeni pamoja naye, na mwezi ujao mrudi kumsalimia tu.