C imejaa, D ina nafasi kibao, na Extend Volume haibonyezeki

Hizi laptopu za mtumba, nyingi ukifungua This PC unakuta picha ni ile ile: C imeiva nyekundu, imebakiza GB 2 au 3, na hapo chini yake D imekaa tu, GB 300 na ushee hazina kazi. Fundi aliyepiga Windows alichukua diski ya GB 500 akaipa C GB 80, zilizobaki zote akazisukumia D, sababu ndo alivyozoea tangu enzi za Windows XP na kipindi hicho C ya GB 20 ilikuwa inatosha na chenji inabaki. Leo Windows 11 peke yake inataka diski isiyopungua GB 64 ndo ikubali kuingia, sasa weka Office, weka brauza mbili, weka apdeti za kila mwezi, hiyo 80 inakwisha hujahifadhi hata picha moja ya harusi.

(Na ukijumlisha C na D ukapata 465 badala ya 500 usiende kugombana na muuzaji, hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu GB kwa mafungu ya elfu, Windows inahesabu kwa 1024, kwahiyo 500 inasomeka 465 na TB 1 inasomeka 931. Ni kitu kile kile.)

Sasa mtu akiona hivyo anachofanya ni kuingia Disk Management, sehemu ya Windows ya kugawia diski, anabonyeza D, anachagua Shrink Volume, anaikata GB 100, anaona kipande cheusi kimeandikwa Unallocated, anafurahi, anarudi kwenye C abonyeze Extend Volume, imefifia, haibonyezeki! Hapo ndo watu wanaanza kudhani Windows imekorofisha, wanarestati, wanarudi, bado. Shida ni mpangilio. Patisheni, yani hivi vipande vya diski moja kama C na D, zimekaa kama vyumba vya mstari kwenye nyumba ya kupanga, C chumba cha kwanza, D kinafuata, na Windows inapoipunguza D inakata kwa nyuma, yani upande wa mwisho kabisa, kwahiyo ile nafasi uliyoipata iko mgongoni kwa D na C haiigusi. C inaweza kutanuka ikiwa tu nafasi tupu imegusana nayo upande wa kulia, ikitenganishwa hata na kipande cha MB 500 basi habari imeishia hapo.

Na hicho kipande mara nyingi kipo kweli. Ni ile patisheni ya rikava, haina herufi, Windows inaitumia kujitengeneza ikigoma kuwaka. Nimeona watu wanaifuta ili wapate njia, ila ukishaifuta siku Windows ikikataa kuwaka utatafuta flashi ya kuwashia usiku na hutaipata. Hata udogo wake tu ni tatizo, mnakumbuka Januari 2024 ile apdeti ya Windows 10, KB5034441, ilivyokuwa inagoma na namba 0x80070643 kwa watu kibao? Ilitaka patisheni ya rikava iwe na MB 250 zilizo wazi, asiyekuwa nazo akaambiwa aipunguze C mwenyewe kwa komandi. Fikiria mama wa duka la steshenari anaambiwa hivyo.

Njia ya Windows yenyewe ni kuhamisha kila kitu cha D kwenda eksteno (diski ya nje ya kuchomeka), kuifuta D yote, kuitanua C, halafu kutengeneza D mpya na kinachobaki, na hiyo nayo inafaa kama rikava haijakaa katikati. Zipo pia programu za watu wengine zinazoweza kuisogeza D kulia bila kuifuta, zinafanya kazi, ila elewa kinachotokea humo ndani: inahamisha data zako zote kipande kwa kipande, kwenye hard disk ya kuzunguka inaweza kuchukua masaa, na umeme ukikatika katikati kwenye desktop isiyo na UPS hapo unaweza ukaiaga D. Kwa umeme wetu huu mimi siwezi kumshauri mtu. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows la kuficha data, hakikisha ufunguo wake umeuandika pembeni kabla hujagusa chochote.

Kwa watu wengi lakini wala hakuna haja ya kusogeza ukuta, maana ukiangalia kilichojaza C unakuta ni vitu vinavyoweza kuhama. Pakua WizTree au WinDirStat, iache isome, itakuonyesha folda gani inakula. Mara nyingi ni Downloads na Videos, na hizo unazihamisha kihalali kabisa: raiti kliki kwenye folda, Properties, kichupo cha Location, Move, unachagua D, imeisha, na kila utakachopakua kuanzia hapo kinaenda D chenyewe. Usikate folda ya Program Files ukaibandika D, programu hazitafunguka. Ukikuta Windows.old, hiyo ni Windows ya zamani imebaki baada ya kupandisha, inaweza kuwa GB kumi na kitu, ifute kwa Disk Cleanup upande wa Clean up system files, ila hakikisha hamna faili zako humo na huna mpango wa kurudi nyuma. Kuna hiberfil.sys pia, faili ambalo Windows inahifadhia kazi zako ukiizima kwa hibernate, kwenye RAM ya GB 8 inakula karibu GB 3, unaizima kwa komandi powercfg /h off, utapoteza hibernate na kuwaka kutachelewa kidogo. Ile WinSxS, folda ya vipuri vya Windows yenyewe, iache, inaonekana kubwa kuliko ilivyo na ukiifuta kwa mkono umeua Windows.

Kingine, D sio bakapu. Nasikia sana "picha zangu ziko salama, niliziweka D". Ni diski hiyo hiyo moja, ikidondoka au ikifa zinaondoka zote mbili. D inakusaidia siku ya kupiga Windows upya tu, kwamba fundi anafomati C na vitu vyako vinabaki, na hapo uombe awe makini asifute patisheni zote kwa haraka zake.

Ndo maana kwenye SSD ya GB 256 mi naacha C yote moja bila kuigawa, na faili za maana zinakaa eksteno. Kama ni 500 na unataka D kweli, mwambie fundi C isipungue 200, umwambie kabla hajaanza, maana akishamaliza atakwambia kurudia ni hela nyingine.