Daftari lake halijawahi kujaa

Leo naanza na kosa langu mwenyewe maana nimekaa nalo muda mrefu. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja anakaa dawati la nyuma kabisa, daftari lake la sayansi mpaka mwisho wa muhula halikufika nusu. Staili yangu ya kufundisha ilikuwa ile ile ya wengi wetu, unaeleza dakika kumi halafu unageukia ubao unashusha notsi, watoto wananakili mpaka kengele. Wenzake wako aya ya tatu, yeye bado anahangaika na kichwa cha habari. Kwenye ripoti nikamwandikia "ana uwezo ila mvivu, ajitahidi". Walimu hiyo sentensi mnaijua, tunaiandika kama saini tu, hata hatuisomi tena.

Sasa kuna siku nilikuwa na mwalimu wa mazoezi, yeye ndo anafundisha, mimi nikaenda kukaa nyuma pembeni ya huyo kijana. Ndo kwa mara ya kwanza nikaona anavyonakili. Neno lilikuwa "mzunguko". Anainua kichwa, anaangalia ubao, anashusha, anaandika m. Anainua tena, kwanza anautafuta mstari ulikuwa wapi, anaupata, anashusha, z. Herufi nane, safari nane. Mtoto aliyekaa mbele yake kalibeba neno zima na maneno mawili yanayofuata kwa mtazamo mmoja. Akiwa kwenye k mwalimu wa mazoezi akachukua dasta akafuta upande wa kushoto wa ubao ili aendelee, na kijana wala hakulalamika, akaruka mistari miwili akaanza upya pale palipobaki. Amezoea.

Nikamnong'oneza, hivi kwa nini upande wa kushoto wa moyo una ukuta mnene kuliko wa kulia? Akanijibu hapo hapo, "Si unasukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu mwalimu, ule wa kulia unaishia mapafuni hapo jirani tu." Hapo jirani tu! Mi nimefundisha ile mada miaka na miaka sijawahi kuielezea vizuri hivyo.

Yaani muda wote huo nilikuwa napima kasi ya mkono wake na macho yake nikidhani napima sayansi.

Baadaye nikaanza kusomasoma, na kitu kilichonichoma ni kwamba hili jambo wala sio jipya. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika kuhusu mvulana wa miaka 14 mwenye akili nzuri tu ila kusoma kumemshinda, na mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo basi huyo ndiye angekuwa kinara wa shule nzima. 1896 jamani. Na mimi huku naandika mvivu.

Halafu kuna jambo la lugha yetu ambalo watu hawalisemi sana. Hali hiyo ya akili kuwa nzuri ila kusoma na kuandika kunakuwa kugumu ndo inaitwa disleksia, na maelezo yake mengi unayokutana nayo yanatoka kwa watu wa Kiingereza, ambako herufi na sauti hazielewani kabisa, kwa hiyo dalili unazoambiwa uzitafute ni mtoto kusoma neno vibaya. Kiswahili ukishajua ba be bi bo bu unasoma chochote, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma kila neno sahihi kabisa, tatizo linajificha kwenye mwendo. Mpe "tutakapowatembelea" atakwambia tu, ta, ka, po, wa, te, mbe, le, a, silabi tisa bila kosa hata moja, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshayeyuka. Wewe unayemsikiliza unaweka tiki kwamba anajua kusoma, sema tu haelewi. Hapana, kutegua zile silabi kumemalizia nguvu zote, za kuelewa hazikubaki. Ukimsomea wewe kifungu kile kile kwa sauti anajibu maswali yote. Hicho ndo kipimo cha haraka ninachotumia siku hizi, hakichukui hata dakika tano. Sio vipimo vya kitaalamu, lakini angalau kinanizuia kuandika upuuzi kwenye ripoti.

Na kuna wale wenye usonji (autism), ambao ubongo wao unapokea mazungumzo na mazingira kwa namna tofauti, hapa nina aibu nyingine. Niliwahi kumfokea mtoto "Wewe huna masikio?" akanijibu kwa upole kabisa "Ninayo mwalimu". Darasa likaangua kicheko, nikaona ananidhihaki, nikamtoa nje. Alikuwa amejibu swali nililouliza!! Sisi tunaongea kwa mafumbo kutwa nzima bila kujua, "mnaweza kufungua vitabu?", "nani anataka kutoka nje?", halafu mtoto anayechukua maneno yalivyo tunamwita jeuri. Siku hizi nasema "fungueni kitabu ukurasa wa 40", basi. Na ajabu ni kwamba darasa zima limetulia zaidi, sio yeye peke yake.

Halafu kuna ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia au kukaza umakini, na hapo mabinti ndo wanaopotea kirahisi. Mvulana anayerukaruka juu ya madawati kila mtu anamwona na mkuu wa shule ataitwa, ila yule binti anayeangalia ubao saa nzima akili iko safarini hasumbui mtu, kwa hiyo hakuna anayeshtuka mpaka matokeo yatoke.

Nikisema haya kwenye ofisi ya walimu jibu la kwanza ni lile lile: huo ni upendeleo, mbona wengine wanaandika. Nimebishana sana hapo mpaka nikachoka, nikaamua kulifungulia darasa zima. Mtihani wangu wa wiki yeyote anaweza kuandika au kuja mezani kunijibu kwa mdomo, na notsi nimezichapa, kila mtu anapata. Nilidhani wote watakimbilia mdomo. Wapi! Walikuja wachache, kiukweli wengi waliona kuandika ni rahisi kuliko kusimama mbele yangu. Waliokuja ndo waliokuwa wanahitaji, na hakuna aliyenyooshewa kidole kwamba huyu ana shida. Kingine ni kusubiri. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima walimu wanasubiri muda gani baada ya kuuliza swali akakuta ni kama sekunde moja tu, na wakijilazimisha kufika sekunde tatu majibu yanarefuka na wale wanaoitwa wazito wanaanza kujibu. Sekunde tatu zinaonekana kidogo ila jaribu kusimama kimya mbele ya darasa uone zinavyovuta, mi nahesabia moyoni huku nimeshika chaki.

Lakini sasa tusimalizie kwa mwalimu tu, maana hapo ndo naonaga hasira. Serikali 92 zilikaa Salamanca kule Hispania mwaka 1994 zikakubaliana kuhusu elimu jumuishi, yaani watoto wote wasome pamoja hata wenye mahitaji maalumu, mwaka 2006 ukaja mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu na kifungu cha 24 ni elimu mwanzo mwisho. Karatasi nzuri sana. Zikishuka mpaka darasani zinakuwa semina ya siku moja, slaidi mia, cheti, na kesho yake unarudi kwenye vipindi vile vile, msululu ule ule wa madaftari ya kusahihisha na mtaala ule ule unaokukimbiza. Unaambiwa umfuatilie kila mtoto kivyake, sawa, kwa saa ipi? Mimi sihitaji semina nyingine. Nipe kipindi kimoja kwa wiki kisicho na darasa nikae na watoto wawili watatu, nipe mtu mzima wa pili darasani hata mara mbili kwa wiki, nipe ruhusa ya kuacha kurasa kadhaa za kitabu bila kuitwa kujieleza. Na mtukumbuke kwamba humo humo kati ya walimu wapo wenye ADHD na disleksia, wamejificha maisha yote. Nina mwenzangu anaandaa somo usiku kucha kwa sababu anasoma taratibu na hataki mtu ajue.

Na mnajua notsi zile zinanakiliwa kwa ajili ya nani? Mtoto hajifunzi chochote kwa kunakili, mwalimu anajua, kila mtu anajua. Zinanakiliwa kwa sababu mkaguzi akija hawezi kufungua kichwa cha mtoto aone kilichomo, anafungua daftari. Daftari limejaa, mwalimu amefundisha. Ndo maana hata mimi na maneno yangu yote haya bado kuna siku naandika ubao mzima.

Mwaka huo mkaguzi alikuja kweli. Akachukua madaftari matano bila kuchagua na la kijana wangu likawemo. Akafunua, akafunua, michoro mizuri ya moyo na mishale ya damu, maandishi mistari miwili. Nikamwita kijana nikamwambia mweleze mgeni. Akaeleza vyumba vyote vinne, damu inaingilia wapi inatokea wapi, milango inafungaje isirudi nyuma, akarudia na ile ya "hapo jirani tu", mkaguzi mwenyewe akacheka. Akamshika bega, akamwambia hongera sana.

Ripoti ilipokuja, kwenye jina langu palikuwa na mstari mmoja: madaftari ya wanafunzi hayajakamilika.