Herufi moja iliyonionyesha siri za wateja wangu zilipovujia

Ninaongoza ofisi ndogo ya uwakala wa forodha katika komuni ya Kampemba, hapa Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tunawaandalia wafanyabiashara hati za mizigo inayoshuka bandarini Dar es Salaam, ikapita Tunduma na kuvuka Zambia, hadi inapoingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa, kiasi cha kilomita 90 kutoka mjini. Kazi hiyo inatulazimu kujua mambo ambayo mfanyabiashara hamwambii hata ndugu yake wa tumbo moja: ananunua kwa nani, kwa bei gani, na anapokea makontena mangapi kwa mwaka. Tunahifadhi pia nambari za simu na nakala za kadi za mpiga kura, ambazo katika nchi yetu ndizo watu wengi wanazotumia kama kitambulisho.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, mzee mmoja anayeuza vigae karibu na soko la Kenya, komuni ya hapa hapa Lubumbashi, mteja wangu wa siku nyingi, aliingia ofisini, akakataa kiti, akaweka karatasi mbele yangu. Ilikuwa barua ya bei kutoka kwa wakala mwingine. "Mama, hawa watu sijawahi kuongea nao hata siku moja," alisema. "Wamejuaje mzigo wangu?" Barua ilitaja uzito wa kontena lake la mwisho na jina la mtu anayemuuzia vigae, na bei yake ilikuwa chini kidogo tu ya yangu. Nilianza kumjibu kwamba mjini habari zinatembea, lakini macho yangu yakasimama kwenye anwani. Jina la duka la mzee lina l moja; barua ile ilikuwa imeliandika kwa l mbili. Kwenye kibao cha duka, kwenye muhuri na kwenye risiti zake ni l moja. L mbili zilikuwa mahali pamoja tu, katika orodha yetu ya wateja, ambako karani alikosea miaka mitatu nyuma na hakuna aliyesahihisha. Hapo sikuwa tena na neno la kumjibu.

Jioni hiyo nilifungua sanduku la barua pepe la ofisi, nikapekua mipangilio yake moja baada ya nyingine. Nilikuta agizo lililofichika chini kabisa: kila barua yenye ankara ndani yake ilikuwa inapelekwa nakala kwenye anwani nisiyoifahamu. Lilikuwa limewekwa kwa jina la kijana aliyekuwa mfanyakazi wetu, ambaye aliacha kazi mwezi wa Machi akaenda kwa wakala yule yule aliyeandika barua ya bei. Akaunti yake ilikuwa bado hai. Kwa miezi mitatu tulikuwa tunamtumikia pasipo kujua.

Kidole changu kilikuwa tayari kulifuta agizo lile, na nashukuru kwamba nilimpigia wakili kwanza. Aliniambia nisiguse kitu. Picha za skrini nilizopiga mwenyewe zingeweza kukataliwa na mtu yeyote atakayedai kwamba nimezitengeneza, kwa hiyo asubuhi tulimleta ofisa wa mahakama anayethibitisha mambo kwa maandishi, ambaye hapa tunamwita wisie. Aliketi mbele ya kompyuta, akanitaka nifungue ukurasa mmoja mmoja, akaandika tarehe, saa, anwani na kila alichokiona, akatia sahihi. Baada ya hapo ndipo tulipofuta agizo, tukafunga akaunti na kubadilisha maneno ya siri yote. Usiku mmoja wa kusubiri uliniuma sana, kwa sababu nilijua ankara nyingine zingeweza kupita, lakini bila hati ile tungebaki na manung'uniko matupu.

Mimi nilikuwa nimeshikwa na hasira dhidi ya kijana peke yake. Wakili ndiye aliyenionyesha kwamba mbele yetu palikuwa na wajibu wa aina tatu, na kwamba tukiuchanganya tutashindwa wote. Wa kwanza ni wa kijana. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamkataza mfanyakazi kufichua siri za biashara ya mwajiri, na katazo hilo halimalizikii siku anayoondoka. Wa pili ni wa fundi wa kompyuta, ambaye mkataba wake na sisi ulisema wazi kwamba atafunga akaunti ya kila anayeacha kazi ndani ya siku moja. Bado tunatumia sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, na kifungu chake cha 33 kinasema kwamba makubaliano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa walioyafunga. Kwa kawaida mdaiwa hulipa fidia baada ya kutumiwa barua rasmi ya kumtaka atimize wajibu wake. Lakini kama jambo lilipaswa kufanyika ndani ya muda fulani na muda huo akauacha upite, barua hiyo si ya lazima. Ile siku moja iliyotajwa katika mkataba wa fundi ilikuwa imekwisha tangu Machi. Hata hivyo tulimwandikia, kwa sababu tulitaka maelewano kabla ya kesi.

Wajibu wa tatu ulikuwa wangu, na huo ndio ulioninyima usingizi. Wateja hawakufunga mkataba na fundi wala na kijana; walifunga na mimi. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamtaka anayehifadhi taarifa binafsi za watu azilinde zisifikiwe na asiyehusika, na mimi sikuwahi hata mara moja kumuuliza fundi kama akaunti ya kijana imefungwa.

Baadhi ya wenzangu katika kazi walinishauri ninyamaze, kwa kuwa ni mteja mmoja tu aliyegundua. Sikukubali. Nilichapa orodha ya wateja ambao ankara zao zilipita katika miezi ile mitatu, wakawa 23, nikawaendea mmoja mmoja, kwa miguu na kwa teksi, kuanzia Kenya na Kamalondo hadi Ruashi. Kila mmoja nilimwambia ni hati zipi zake zilizotoka, kuanzia tarehe gani, na nini tumekwisha kufanya, nikamwachia maelezo hayo kwa maandishi. Sikusema "tatizo la mtandao", maneno ambayo watu hujifichia. Mama mmoja anayeingiza vitambaa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: kama nakala ya kadi yake ilikuwemo. Ilikuwemo. Aliondoka kwetu wiki hiyo hiyo na hajarudi, na sina haki ya kumlaumu. Mwingine aliondoka pamoja naye. Wengine 21 walibaki, baadhi yao kwa masharti.

Fundi alikuja na kaka yake mkubwa, akakiri. Tuliandikiana makubaliano: alirudisha malipo ya miezi mitatu, na kila mtu ofisini akapewa neno lake la siri, kwa sababu kabla ya hapo wanne tulikuwa tunatumia neno moja la siri lililobandikwa chini ya kibodi. Kijana na mwajiri wake mpya walipokea barua ya wakili pamoja na nakala ya hati ya wisie. Walijibu kwa maandishi kwamba wamefuta walivyokuwa navyo na hawatavitumia. Siwezi kuingia katika kompyuta yao kuhakikisha, ndiyo maana nilimwomba wakili ahifadhi jalada lote. Barua yao ikija kukanushwa na bei nyingine inayofanana na yangu, tutakwenda mahakama ya biashara.

Mzee wa vigae alitaka mkataba mpya wenye ukurasa mmoja wa ziada: nani katika ofisi yangu anaona hati zake, zinahifadhiwa muda gani, na atajulishwa ndani ya saa ngapi kikitokea kitu. Tuliandika saa 48. Siku ya kutia sahihi alivaa miwani, akaweka kidole kwenye jina la duka lake, akalisoma herufi kwa herufi, kisha akaomba kalamu.